Nani Aliikata A Yangu?

Kitendawili!

Sema "tega", usinionee haya kwa kuwa ni bibi. Haya: ukinirefusha nakaribisha, ukinifupisha naua. Mimi nani?

Umeshindwa? Basi nipe mji. Helsinki? Huo siutaki, nilikwenda mara moja nikasalimia watu, wakageuka kutazama nyuma yao wamwone ninayemsalimia. Nipe Turku. Turku nimeuchukua, nimekaa, nimekunywa kahawa, nimerudi.

Jibu ni a. A ya lugha yetu ya Kifini. Ukiivuta, *tapaan*, umemwambia mwenzako kwamba utamkuta. Ukiikatisha, *tapan*, umemwambia kwamba utamuua. Ni kama kukuta na kukata: mdomo umeteleza kidogo tu, mgeni wako amekuwa maiti.

Na hiyo a ndiyo iliyoniharibia jina.

Waliokosa wiki zilizopita wasikie kwa ufupi, wanaojua wakoroge kahawa yao.

Mimi ni Raili wa Kuopio, mjane wa Osmo dereva wa basi. Zamani, Osmo sijamjua bado, nilikuwa nauza mikate kwenye duka lililopakana na fundi redio aitwaye Veijo Hyvärinen. Huyo Veijo, badala ya kutengeneza redio za watu, alikuwa anaunda mchezo wa kompyuta. Akauita Taa ya Kilimani.

Mchezo unafunguka kwa katuni fupi. Theluji, kibanda, bibi kizee mlangoni. Bibi anamfungia kijana mkate, anamwambia: "Nenda, mwanangu. Nitakukuta kilimani."

Sauti ya bibi ilikuwa yangu. Veijo alinisikia nikimwigiza marehemu nyanya yangu mbele ya wateja, akaja na kinasa sauti chake, nikasema, akashukuru, akanunua mkate, akaenda zake.

Disketi zikatoka. Zikaenea nchi nzima. Na nchi nzima ikasikia: "Nenda, mwanangu. Nitakukata kilimani."

A ilikuwa imekatwa!

Baya zaidi, bibi yule haonekani tena mpaka mchezo unakwisha. Vijana wa watu wamepanda kilima kile miaka na miaka wakigeuka nyuma, wakimngoja bibi na kisu chake. Hakutokea. Na kwa vile hakutokea, akawa mwovu kuliko waovu wote waliotokea.

Tangu hapo mimi ni Bibi Kisu. Nikienda dukani kununua kisu cha mkate, muuzaji anaita wenzake waje kutazama. Kijana mmoja aliwahi kunisimamisha sokoni, akatoa kisu cha kuvulia samaki, akaniomba nikitie sahihi. Nilikitia. Ningefanyaje?

Mwaka huu mashabiki wamekuja na jipya: wanaichora upya ile katuni ya ufunguzi, picha kwa picha, kwa mikono yao, ili ionyeshwe Jumamosi katika ukumbi wa maktaba yetu. Wamenitaka mimi niseme tena yale maneno.

Wiki iliyopita niliwaacha jikoni kwangu. Veijo alikuwa amekaa pale kwenye kiti cha dirishani. Naye siku hizi ni mjane, anakaa jengo hilihili letu, ng'ambo ya ua, kwenye ngazi nyingine. Akatazama nje akasema:

"Nyumba yangu ina vyumba vitatu. Mtu mmoja hawezi kukaa katika vyumba vitatu kwa wakati mmoja."

Kwa mtu wa Savo, mkoa wetu huu, hiyo ni posa. Tena posa ya wazi, ya kuona haya.

Nikamwambia: "Veijo, nijibu moja, nami nitakujibu moja. Nani aliikata a yangu?"

Akachukua kofia. "Huenda ni mashine," akasema. "Huenda ni mtu. Barafu ya ziwani imeanza kulainika."

Akatoka.

Sasa nisikilizeni. Vitendawili navipenda, lakini sitaki kulala na kimoja kitanda kimoja. Nina miaka sabini na moja. Mwanamume asiyeweza kujibu swali moja jikoni, nikimuuliza la maana hospitali je? Nikaapa: asiponijibu, vyumba vyake vitatu na ampangishe paka.

Sasa shikeni ya wiki hii.

Jumatano asubuhi akaja Vilja, kiongozi wa wale mashabiki. Nywele zake za kijani, kazi yake kusafisha meno ya watu kwenye kliniki, na ukicheka mbele yake anakutazama magego. Akaweka laptopu juu ya meza yangu, akaisogeza sahani ya mikate ya iliki kama mtu aliyekuja kufanya upasuaji.

"Bibi Raili, tazama. Imebaki sauti tu."

Nikavaa miwani.

Jamani, nilipenda! Theluji ilikuwa inaanguka kama theluji ya kweli, ile ya upande upande ya Februari. Kibanda kinafuka moshi. Mlango ukafunguka, bibi akatoka, mwembamba kama ufito. Kufumba na kufumbua, bibi amekuwa mnene. Akainama kuchukua mkate, amekuwa mwembamba tena, na pua imehama.

"Vilja mwanangu, huyu bibi ana ugonjwa gani? Amenenepa kabla hajamaliza kufungua mlango."

"Kila kipande kina mchoraji wake, Bibi. Sisi tuko zaidi ya arobaini. Tumegawana sekunde. Wa mlangoni kamchora jamaa mmoja wa Oulu. Wa mkate, dada wa Tallinn. Hatufananishi sura makusudi, uzuri wake ndio huo."

"Na huyu mwenye masharubu?"

"Hayo si masharubu, ni kivuli."

"Kivuli kimechanwa na kitana."

Akacheka, lakini akaandika mahali neno "masharubu". Nikajua mtu wa Rovaniemi au wa wapi huko atapigiwa simu.

Katuni ikaendelea. Kijana akapokea mkate, akageuka, akaanza kupanda. Nikadhani imekwisha. Kumbe wameongeza kipande ambacho hakikuwamo: picha ikarudi kwa bibi, ikateremka polepole kwenye aproni, na chini ya aproni, *mng'aro*. Kisu!

Nikavua miwani.

"Hicho kisu kimetoka wapi?"

"Kwako, Bibi."

"Mimi nilimpa mkate."

"Na mkate ulikatwa kwa nini?"

Huyu binti asingekuwa wa meno, angekuwa wakili.

"Sikia," nikasema, "sauti yangu mnaitaka?"

"Tunaitaka sana. Ile ya zamani inakwaruza kama kiatu kwenye changarawe."

"Basi nitasema *kukuta*. Nitaivuta ile a mpaka ifike Joensuu. Na kisu kitoke."

Vilja akashika kichwa. "Bibi, kuna watu wamejichora kisu hicho mgongoni! Kwa wino, hakifutiki! Niwaambie nini? Kwamba bibi alikuwa anawaalika chai?"

"Kahawa."

"Bibi!"

"Waongeze kikombe pembeni ya kisu. Mgongo ni mpana."

Tukabishana mpaka mikate ikapoa. Mwisho akasema wao wana sheria yao: panapotokea ubishi juu ya mchezo, aliyeuunda ndiye mwamuzi. Akisema bibi anakuta, kisu kitafutwa. Akisema anakata, kisu kitabaki.

"Si mumuulize, basi."

"Nilimpigia simu juzi."

"Akasemaje?"

Vilja akapanua mikono. "Alisema kila kilima kina njia mbili za kupandia."

"Huyo ndiye yeye mwenyewe," nikasema. "Hukukosea namba."

Kwetu Savo wanasema mtu akinena, dhamana humwangukia msikilizaji. Yeye amekwishasema, ukielewa vibaya, shauri yako. Wengine tunakua tunaiacha tabia hiyo kidogo kidogo. Veijo aliikuza.

Basi tukakubaliana nirekodi zote mbili, ya kukuta na ya kukata, na Veijo aje kubanwa baadaye.

Studio yetu ilikuwa kabati la nguo. Msicheke. Vilja alisema makoti yanameza mwangwi, na makoti ya marehemu Osmo bado yamo yote, mazito, ya dereva. Akanisimamisha katikati yao, akaning'iniza maikrofoni kwenye kitundikio, yeye akakaa sakafuni nje na vitu vimemziba masikio. Akaniegeshea mlango.

Nikaanza na ya kukuta. "Nenda, mwanangu. Nitakukuta kilimani."

"Vizuri. Lakini a ndefu mno, Bibi. Kijana amezeeka njiani."

Nikapunguza. Akaridhika. Tukahamia ya kukata.

Hapo mambo yakawa magumu. Nikisema "nitakukata", inatoka kama naahidi kumkata mtu nywele.

"Kwa hasira, Bibi."

"Nimkasirikie nani?"

"Yeyote! Mtu aliyekuudhi."

Nikafumba macho humo kwenye makoti. Nikamwona Veijo anachukua kofia. Nikaona ziwa, barafu, vyumba vitatu, huenda na huenda.

"NITAKUKATA!" nikapiga kelele. "NITAKUKATA KILIMANI!"

"Ndiyo! Tena!"

"NITAKUKATA! UMESIKIA, VEIJO? NITAKUKATA VIPANDE!"

Sasa tokeni kabatini mje nje mlangoni kwangu, maana ndiko msiba ulikokuwa unapikwa.

Jirani yangu Tuovi alikuwa amepanda ngazi kuja kuniambia zamu yangu ya sauna imesogezwa. Tuovi ni mwenyekiti wa jengo letu. Hakuna balbu inayoungua hapa asijue. Alikuwa ameinua mkono abonyeze kengele, akasikia.

Mwenyewe alinisimulia baadaye kwamba hata kengele hakuigusa. Akateremka ngazi nusu ghorofa, akatoa simu, akampigia Veijo.

"Veijo! Niko ngazini kwa Raili. Uko hai?"

Na Veijo, mwana wa Savo, akajibu anavyojibu kila swali tangu azaliwe:

"Huenda ndivyo. Huenda sivyo."

Simu ikakatika. Betri ya Veijo, sio kingine. Lakini Tuovi angejuaje? Kwake yeye, mtu alikuwa anakata roho upande wa pili.

Ufunguo wa akiba wa nyumba yangu anao yeye, kwa ajili ya kumwagilia maua nikisafiri. Akachukua na beleshi la theluji lililokuwa limeegeshwa chini ya ngazi. Akafungua mlango. Akamkuta mwanamke wa nywele za kijani kakaa sakafuni, masikio yamezibwa, anatikisa kichwa kwa furaha, na kutoka kabatini sauti yangu inatoa maagizo ya mauaji.

"RAILI!" Tuovi akapiga ukelele. "MWACHE VEIJO!"

Vilja akaruka, laptopu ikaruka naye. Mimi humo ndani nikashtuka, nikashika koti, koti likashuka na kitundikio, kitundikio kikashuka na fimbo yake, na Osmo mzima, makoti ya miaka thelathini, akaniangukia.

Tuovi akaufungua mlango wa kabati kwa beleshi. Akakuta rundo la makoti linalotembea.

"Yuko wapi?" akauliza.

"Nani?"

"Veijo! Umemweka wapi?"

"Ningejua pa kumweka, Tuovi, nisingekuwa na shida niliyo nayo!"

Ndipo tukasikia kikohozi.

Veijo alikuwa amesimama kwenye mlango ulioachwa wazi. Kofia mkononi, viatu vya ndani, pumzi juu. Mzee yule alikuwa amekimbia: kavuka ua, kapanda ngazi, kwa viatu vya sufi.

"Simu ilikatika," akasema. "Nikafikiri labda hapa kuna jambo."

Tuovi akamtazama kutoka nywele mpaka kidole. "Kumbe uko hai!"

"Ndiyo maana yake."

"Mbona hukusema?"

"Hukuniuliza kwa utaratibu."

Nilicheka mpaka nikakaa juu ya makoti. Vilja akacheka. Tuovi alikataa kucheka, lakini beleshi lilikuwa linatetemeka mkononi mwake.

Nikatia kahawa. Kuna nini kingine cha kufanya? Watu wanne, meza moja, mikate ya iliki iliyopoa. Tuovi hakuliachia beleshi. Aliliegesha kati ya magoti.

Vilja alikuwa hajawahi kumwona Veijo ana kwa ana. Alikaa mbele yake kama mtoto aliyeletewa dubu.

"Mzee Veijo, siamini. Nimecheza mchezo wako nikiwa na miaka saba. Nilikuwa nalala taa ikiwaka kwa sababu ya bibi."

"Pole," akasema Veijo.

"Hapana, asante!"

Akakoroga sukari. Kisha, bila nia mbaya, naapa hakuwa na nia mbaya, akasema:

"Unajua, miaka yote mashabiki tumekuwa tukisema a ilikatwa kwa sababu disketi ilijaa. Kwamba nafasi haikutosha, ikabidi upunguze sauti."

"Mashine za zamani zilikuwa na nafasi ndogo," akasema Veijo.

Mimi nikashusha pumzi. Kumbe ni mashine! Mashine maskini, tumbo dogo, imemeza nusu ya a yangu. Hilo ningeweza kulisamehe. Mkono wangu ulikuwa umeanza kusogea kwenye meza, upande wake.

"Ndivyo tulivyodhani," Vilja akaendelea. "Lakini mwezi uliopita mwenzetu mmoja anayejua zile mashine aliifungua disketi ya kwanza kabisa, akaitazama ndani. Nafasi ilikuwa imebaki tele! Bibi angeweza kuaga, akaimba ubeti mzima, na akarudi kuaga tena."

Veijo akanywa kahawa iliyokuwa bado moto. Nikaona ikimuunguza. Akaimeza hivyohivyo.

Mkono wangu ukarudi mapajani.

Tuovi akaegemea beleshi. "Kwa hiyo si mashine."

"Si mashine," nikasema. "Wiki iliyopita aliniambia huenda ni mashine, huenda ni mtu. Mashine imetoka. Amebaki mtu."

"Watu ni wengi," akasema Veijo.

"Kwenye duka lako la redio mlikuwa wangapi?"

Akaitazama sahani. "Mikate hii ina iliki nzuri."

"Iliki ni jibu la swali lingine, Veijo."

"Na barafu..."

"Barafu ikae ziwani!"

Akashika kofia. Akainuka. Lakini mlango wa jikoni kwangu ni mwembamba, na Tuovi alikuwa amekwishainuka kabla yake. Akasimama hapo, beleshi kifuani, kama askari wa lango.

"Jibu, Veijo Hyvärinen," akasema. "Mimi nimepanda ngazi mbio kwa ajili ya maiti yako. Nina haki."

"Tuovi, hili halikuhusu."

"Kila kelele ya jengo hili inanihusu."

Vilja akainua kidole, kama darasani. "Na mimi, samahani, nina watu zaidi ya arobaini wanaongoja. Zimebaki siku tatu tu kufika Jumamosi. Kisu kibaki au kitoke? Anakuta au anakata? Neno lako ndilo tutakalofuata."

Veijo akasimama katikati ya jikoni, mzee mrefu, viatu vya sufi vimelowa theluji vinachuruzika sakafuni kwangu. Sikumwambia kitu juu ya sakafu. Mnaonijua mtajua ni jambo zito.

"Mmerekodi?" akamuuliza Vilja.

"Zote mbili."

"Nisikilizishe ile ndefu."

Vilja akaigusa laptopu. Jikoni pakajaa sauti yangu. Ilikuwa imetulia kuliko mimi mwenyewe, imetokea gizani kwenye makoti: *Nenda, mwanangu. Nitakukuta kilimani.*

Veijo akainamisha kichwa.

"Tena."

*Nitakukuta kilimani.*

Akakaa. Kofia akaiweka mezani, juu kabisa ya mikate. Tuovi alitaka kusema kitu juu ya kofia na chakula, nikamkanyaga.

"Veijo," nikasema, sasa bila makeke. "Nimeitwa Bibi Kisu nusu ya maisha yangu. Nimecheka na wanaocheka. Lakini wiki iliyopita umenieleza habari za vyumba vitatu. Mimi siwezi kuhamia kwa mtu nisiyejua kama alinifanyia uadui au alikosea. Sema lolote, nitalibeba. Ila liseme lote. Nani aliikata a yangu?"

Vilja alizima laptopu, kwa adabu.

"Niliikata mimi," akasema Veijo.

Hapakuwa na huenda. Nilingoja ifuate. Haikufuata.

Beleshi la Tuovi likateremka mpaka sakafuni.

"Kwa bahati mbaya?" nikauliza.

"Kwa makusudi. Nilikaa nayo Jumapili nzima. Nikiirudisha, nikiikata. Nikiirudisha, nikiikata."

"Ulitaka watu wanicheke?"

"Hapana, Raili."

"Waniogope?"

Akafikiri. "Kidogo," akasema. "Ndiyo. Hilo nililitaka kidogo."

"Kwa nini, mtu wee? Nilikukosea nini?"

Nikadhani atatazama dirishani, maana ndiko anakotazama kila akisema jambo. Hakutazama dirishani. Alinitazama mimi, na masikio yake yalikuwa mekundu kama ya kijana aliyetoka sauna.

"Disketi zile zilikuwa zinakwenda nchi nzima," akasema. "Kila kijana mwenye mashine, kuanzia Hanko mpaka Utsjoki, angejifungia chumbani kwake akusikie ukimwambia utamkuta kilimani." Akaisogeza kofia pembeni. "Na mimi niliyekuwa ukuta mmoja nawe, nikisikia unavyopanga mikate, nilikuwa sijaambiwa hata mara moja."